Vizibo Sita

Walisema sitafika popote. Mjomba wangu alisema mtoto aliyeanza shule na miaka tisa, chini ya turubai, hawezi kushika kalamu ya maana. Mwalimu mmoja alimwambia baba, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba nitafaa kubeba magunia pale stendi ya Nyabugogo. Binamu zangu waliorudi kutoka Bujumbura na Kifaransa chao walinicheka nilipotamka neno diploma; wakasema nianze kwanza na viatu vya kamba. Leo diploma hiyo, ya umeme, iko ukutani ndani ya fremu ya kioo, katika karakana yangu mwenyewe hapa Gikondo. Nina mafundi tisa. Mota iliyoungua ambayo wengine wameitupa, mimi naisuka upya nyaya zake na inarudi kunguruma. Sikurithi hata bisibisi. Nasema hivyo kila ninapopata nafasi, na mke wangu amechoka kusikia.

Nimeyasema tena hapa ili mjue anayeandika ni mtu wa namna gani, maana ninalotaka kusimulia huwa silisemi ninapojisifu.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea mota ya mashine yake ya kusaga. Nikamtuma fundi mpya amletee soda. Kijana ni wa juzi, hajui mambo. Akaifungulia huko huko dukani na kuileta ikiwa wazi. Mzee aliizungusha ile chupa mkononi, akaitazama, akanitazama.

"Eh, bosi, hii soda iko wazi. Kijana yako anataka kuniroga, mota ibaki yenu?"

"Mzee, kunywa tu," kijana akajibu. "Sumu siku hizi iko bei. Mimi iko wapi pesa ya sumu?"

Karakana nzima ikacheka, na mzee akacheka kuliko wote, akanywa. Ninyi wa rika langu mnaielewa desturi hiyo bila kuelezwa. Kwetu kuroga ni kutia sumu, si uganga wa mbali. Pombe ya kibuyu, mwenyeji huonja kwanza ndipo mgeni apokee. Chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, asikie ule mlio, aone kizibo kikianguka. Ni adabu tu, hakuna anayeifikiria. Lakini mimi sikucheka. Nilienda nyuma ya karakana, nikasimama kati ya vyuma chakavu, na nikasikia harufu ya moshi wa jikoni ambayo haikuwepo.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyetulea kwa hadithi, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mauaji katika ukoo wetu wenyewe. Katika ukoo, alisema, aliolewa mwanamke kutoka ng'ambo ya mto Nyabarongo. Jina lake lilikatazwa kutajwa, kwa hiyo tulimwita Mwanamke wa Ng'ambo. Alikuwa mzuri, mpole, hodari wa kupika pombe ya ndizi. Siku moja mumewe na shemeji zake wawili walikunywa pombe yake, na kabla ya wiki kwisha wote watatu wakawa wamezikwa. Wazee wakaketi. Wakamwita mtoto wa nyumba ile, mvulana mdogo, wakamuuliza kama aliona chochote. Mtoto akasema: nilimwona akienda na kibuyu nyuma ya nyumba, kisha akarudi nacho.

"Basi," Bibi alisema, "kesi ikaisha hapo."

Walimnywesha pombe iliyobaki. Akainywa, wala hakufa. Wakasema mrogaji daima ana dawa yake ya kujikinga. Wakamfunga mikono, wakampeleka kwenye mafunjo ya Nyabarongo, na mto ukamchukua. Ndugu zake walilipa ng'ombe, na ukoo ukaapa kutooa tena ng'ambo.

"Na mtoto?" niliuliza kila mara, ingawa jibu nililijua.

"Mtoto alipewa ndama. Mtoto ndiye aliyeuokoa ukoo, mjukuu wangu. Watu wazima wote walikuwa na macho, lakini mtoto ndiye aliyeona."

Sasa najua kwamba mambo hayo, kama yalitokea, yalitokea karne ya kumi na tisa, kabla Mzungu wa kwanza hajavuka mipaka yetu. Lakini Bibi aliyasimulia kama mtu aliyetoka kuyaona asubuhi ile. Mtoto wa miaka kumi hajui karne ni kitu gani. Mimi niliamini kabisa kwamba Mwanamke wa Ng'ambo alikuwa na dada zake mahali fulani, bado hai, bado wanapika. Na nilimwonea wivu yule mvulana.

Tulirudi mwishoni mwa mwaka tisini na nne. Sina haja ya kuwaeleza mwaka huo. Tulivuka mpaka wa Rusumo juu ya lori, juu ya magodoro, baba, mama, Bibi, dada zangu wawili na mimi, na tulipofika Kigali mji ulikuwa kimya kwa namna ambayo hata mtoto aliogopa kuimba. Kaka mkubwa wa baba hakuwahi kuikimbia nchi. Alikuwa ameishi Gikondo, na katika nyumba yake tulimkuta mtu mmoja tu aliyebaki, mkewe, Mama Mkubwa Daforoza. Mume na watoto wanne walikuwa wamekwenda. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mkono wake wa kulia aliufunika kwa kitenge, umekunjwa tumboni kana kwamba amebeba kifaranga. Mkono huo haukushika kitu. Hakusema kwa nini, na mwaka ule hakuna aliyeuliza.

Alitupokea watu sita katika vyumba viwili. Alilala jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, ili Bibi apate kitanda. Namkumbuka amesimama mlangoni siku ya kwanza, akituhesabu kwa midomo bila sauti, kisha akasema, "Sasa nina watu." Aliyarudia maneno hayo siku nzima, wakati wa kutwanga, wakati wa kufagia. Sasa nina watu.

Bibi hakuwa amewahi kumwona mkwe wake huyo. Alimketisha, akamuuliza swali ambalo kila bibi huuliza.

"Mkwe wangu, wewe ni mtoto wa wapi?"

"Ng'ambo ya Nyabarongo, mama."

Bibi aliendelea kupepeta maharage, lakini nilimwona akinitupia jicho. Labda hakunitupia. Labda ni mimi niliyelitaka jicho hilo.

Tangu siku ile nilikuwa kazini. Mama Mkubwa aliishi kwa kuuza maziwa mgando, kikombe kikombe, kando ya barabara ya kwenda kwenye maghala. Maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi wa nyasi aliofukizia vibuyu, na wapagazi walimpenda. Mimi nilimfuata nyuma kama askari. Niliona kwamba anamimina kwa mkono wa kushoto. Niliona kwamba wakati mwingine anazungumza peke yake, akiita majina manne kwa mpango ule ule. Tumbo likaniuma siku moja baada ya kula maembe mabichi, nikaandika moyoni kwamba nimelishwa kitu.

Kisha ikafika Jumapili ya wageni. Binamu yake baba alikuja kutoka Bujumbura na mkewe na mashemasi wawili wa kanisani kwao, watu wa suti. Mama Mkubwa alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amenunua soda sita za machungwa kwa pesa yake ya maziwa, anasa ya siku zile, na alimkataza mama asimsaidie.

"Hii ni nyumba ya mume wangu," alisema. "Waache wageni wake niwapokee mimi."

Nilimfuata. Mlango wa jikoni haukufunga vizuri, nami niliweka jicho kwenye ufa. Alikuwa amechuchumaa, amenipa mgongo, amebana chupa kati ya magoti. Akainama hadi uso ukaimeza chupa. Nikasikia kitu kikikwaruza. Akainua kichwa, akatema mate pembeni, akapangusa mdomo kwa kitenge, akaichukua chupa ya pili. Alifanya hivyo mara sita. Alitema mara sita.

Nilikimbia. Mama Mkubwa alikuwa nyuma yangu na sinia, chupa sita wazi juu yake, amelibeba kwa mkono wa kushoto na kulitegemeza kwa kiwiko cha kulia. Alipoingia sebuleni mimi nilikuwa tayari katikati ya chumba.

"Msinywe!" nikasema. "Nimemwona!"

Wageni waliokuwa wakicheka walinigeukia. Baba alisimama. "Umeona nini wewe?"

"Kazifungulia jikoni. Kajificha. Katema ndani."

Hakutema ndani. Alitema pembeni, na mimi nililiona hilo wazi. Bibi akauliza kutoka kona yake, kwa ile sauti yake ya hadithi, polepole:

"Na kitu kingine, mjukuu wangu? Hukuona kitu kingine?"

Nikamwangalia Bibi, nikaona hadithi nzima imesimama mbele yangu, inangoja tu mtu wa kuijaza. Nikasema, "Katoa kitu ndani ya kitenge. Unga. Kautia."

Unga huo haukuwepo. Niliutengeneza pale pale, na ulinitoka mdomoni mwepesi kuliko ukweli wowote niliowahi kusema.

Mama Mkubwa aliweka sinia mezani. Nilingoja akane, apige kelele, aanguke chini kama wanawake wa kwenye hadithi. Alimtazama baba tu.

"Shemeji," baba akasema, na aibu ilikuwa imemjaa usoni, "si kwamba tunaamini maneno ya mtoto. Lakini kuna wageni. Onja tu, yaishe."

Akachukua chupa ya kwanza kwa mkono wa kushoto, akanywa funda moja. Akairudisha. Akachukua ya pili. Mke wa binamu yake baba alitazama sakafu. Mama Mkubwa alionja zote sita, moja baada ya nyingine, bila haraka, na kila mara alipoirudisha kwenye sinia alipangusa mdomo wa chupa kwa kiganja, kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu anavyofanya. Alipomaliza, alisimama akingoja.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mrogaji ana dawa yake ya kujikinga," Bibi akasema.

Mashemasi wakakumbuka kwamba wana safari. Walipotoka, mmoja aliweka mkono juu ya kichwa changu. "Huyu ndiye jicho la nyumba," alisema. Bibi alinivuta nikaketi ubavuni mwake, akanipa shuka lake nijifunike. Na sasa niseme lile ambalo limenichukua muda mrefu kuliko yote: nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mpaka leo, nikishangiliwa kwa jambo lolote, siku ya diploma, siku nilipofungua karakana, furaha ile ile hunijia, yenye joto la shuka la Bibi, nami huifahamu na kuigeuzia uso.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda jikoni kutafuta ushahidi zaidi. Nilitaka unga. Mama Mkubwa alikuwa ameenda barabarani na maziwa yake. Nilichakura majivu, nikafunua vyungu, na pembeni ya jiko, chini, nikaona vizibo. Nikaviokota. Vilikuwa vimeng'atwa. Kila kimoja kilikuwa na alama za meno, kingo zimepinda, na kimoja kilikuwa na damu iliyokauka. Nikakaa chini. Katika nyumba ile kulikuwa na opena moja, imening'inia kwa kamba ukutani sebuleni, mbele ya wageni. Na opena huhitaji mkono mmoja ushike chupa na mwingine uivute. Yeye alikuwa na mkono mmoja. Hakutaka wageni wa mumewe wamwone akifungua chupa kwa meno kama mlevi. Alijificha kwa haya, si kwa jambo lingine.

Nilielewa. Nataka hilo liandikwe vizuri, kwa sababu watu hunisamehe haraka, wakisema ulikuwa mtoto. Nilielewa kama ninavyoelewa sasa. Nilivitia vizibo mfukoni, nikaenda chooni, nikavitumbukiza. Kimoja kiliniponyoka njiani na sikurudi kukitafuta.

Nilikuwa na siku tatu za kusema. Siku ya kwanza wapagazi hawakusimama kwenye maziwa yake; habari Gikondo haikuhitaji redio. Siku ya pili mama alianza kupika chetu kando. Alifanya hivyo bila ukali, huku akimwita Mama Mkubwa "dada", na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku ya tatu maziwa yalichacha, akayamwaga, na harufu yake ya siki ilikaa uani mchana kutwa. Kila nilipofungua mdomo nilimwona yule mvulana wa Bibi na ndama wake. Nikaufunga.

Siku ya nne alijitwisha kibuyu na kifurushi, akashika njia ya kwenda darajani, akavuka kwenda ng'ambo. Alivuka mto ambao mwaka ule watu hawakupenda kuutazama. Nyumba ilikuwa yake, na aliyeondoka ni yeye. Sisi tulibaki ndani yake miaka kumi na moja, na mimi nilisomea masomo yangu yote juu ya ile meza ya soda.

Kuhusu masomo hayo nimeshajisifu. Ninachokiruka mara nyingi ni kwamba sikujisomesha peke yangu. Baba alipofariki nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na ada ilitoka kwa watu: jirani mmoja, fundi mmoja wa magari, mke wa shemasi, ndugu wa mama. Muhula wa pili, muuza maziwa fulani alileta bahasha kutoka ng'ambo. "Mwanamke mmoja wa mkono mbovu ametuma," alisema. "Amesema ni mkopo, mtoto asije akadhani ni zawadi." Zilikuja bahasha tatu. Nilizipokea. Nilisema moyoni kwamba nitaandika barua, kisha nikasubiri nipate maneno mazuri.

Nilipopata kazi nzuri ya kwanza, niliamua kuwalipa wote kwa siku moja. Nilivaa suti na kukodi gari. Kwa jirani nilikaa saa nzima nikieleza umeme wa awamu tatu. Kwa yule fundi niliacha diploma ipite mkono kwa mkono. Nilinunua kreti ya soda ya kupeleka kwa mtu wa mwisho, nikavuka daraja.

Aliishi kwenye nyumba ya udongo iliyofagiliwa vizuri, na ng'ombe mmoja. Alikuwa amezeeka kabla ya umri. Alinijua kabla sijashuka.

"Jicho la nyumba," alisema. Hakucheka, wala hakukunja uso.

Nilimpa bahasha. Aliifungua na kuihesabu noti kwa noti juu ya goti, akasema, "Imetimia," akaiweka kifuani. Kisha akanimiminia maziwa kwa mkono wa kushoto, akakiinua kikombe hadi mdomoni mwake, akanywa funda moja, akanipa.

"Mama Mkubwa, usionje," nikasema. "Kwangu usionje."

"Nimeshazoea, mwanangu. Hata nikiwa peke yangu naonja, halafu nangoja kidogo."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa na maneno mazuri, nilikuwa na habari ya vizibo tu. Nikamweleza meno, mate, unga ambao haukuwepo, choo. Alinisikiliza huku akiwatazama kuku.

"Vilikuwa sita," alisema nilipomaliza. "Jioni ile nikifagia nilikuta kimoja, kwenye njia ya chooni. Nikajua aliyevichukua. Nikasema, ameona, atasema. Nikakungoja siku tatu."

Sikuweza kumtazama.

"Na yule mwanamke wa hadithi ya bibi yako," akaendelea, "kwetu naye anasimuliwa. Ila kwetu hadithi inaanza na ndui. Iliingia kilima kile ikaua nyumba kwa nyumba. Wale wanaume walikuwa wagonjwa kabla ya pombe. Naye alikwenda nyuma ya nyumba kuchuja nyuki walioingia kibuyuni, wasije wakamchoma mnywaji koo. Mtoto aliona kweli. Alimwona akienda na kibuyu, akarudi nacho. Hakusema uongo."

Alijua kwamba ninajua tofauti iliyopo kati ya mtoto yule na mimi.

Nilisimama, nikachukua chupa moja kwenye kreti. Mimi ni fundi, mfukoni sikosi kifaa. Niliisogeza karibu na macho yake, nikaifungua taratibu asikie mlio, kizibo kikaanguka mbele ya miguu yake. Nikanywa funda la kwanza mimi. Nikapangusa mdomo wa chupa kwa kiganja, nikampa kwa mikono yote miwili.

Aliipokea. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaiweka chini kando ya kigoda chake, akaniuliza habari za mama, za dada zangu, kama mvua imenyesha Gikondo. Tuliongea mpaka jua likageuka. Siku hiyo niliwalipa wote walionikopesha, na nilipoingia ndani ya gari niligeuka kumpungia. Chupa ilikuwa pale pale chini, imejaa, pungufu ya lile funda langu.